Unataka kusafisha picha nyumbani? Chagua karatasi kwanza, kamera baadaye

Kaa dakika chache kwenye duka la kamera usikilize wateja. Swali la kwanza huwa lile lile: "Hii ina megapikseli ngapi?" Muuzaji anajibu 24, au 48, na bei inapanda kuifuata namba. Kwa mtu anayetaka kusafisha picha zake mwenyewe nyumbani, za kutundika sebuleni au za kupanga kwenye albamu, hiyo ndiyo namba inayomlia hela bure kuliko zote. Swali lenye faida linaanzia upande wa pili, kwenye karatasi: picha ikishatoka kwenye printa itakuwa na ukubwa gani?

Hesabu yake si ngumu. Picha unayoishika mkononi huonekana safi kabisa ikiwa na pikseli (vidoti vinavyounda picha; megapikseli moja ni pikseli milioni) 300 hivi kwa kila inchi. Saizi inayotumika zaidi, ile wauza karatasi wanayoiita 4R, ni inchi 4 kwa 6, kama sentimita 10 kwa 15. Nne mara 300 ni 1200, sita mara 300 ni 1800, na ukizizidisha hizo mbili unapata pikseli milioni mbili na ushee. Megapikseli mbili tu zimemaliza kazi ya albamu nzima. Saizi ya 5R, inchi 5 kwa 7, inataka tatu na kidogo. A4 nzima inataka 8.7. A3 ukiipigia hesabu hiyo hiyo inafika 17, lakini hakuna anayeitazama A3 akiwa ameisogeza puani. Inatundikwa ukutani, watu wanaiangalia kutoka kwenye kochi, na kwa umbali huo pikseli 200 kwa inchi zinatosha kabisa. Megapikseli nane zinaitosheleza.

Sasa chukua Canon EOS 1100D iliyotoka mwaka 2011. Hata ilipokuwa mpya ilikuwa kamera ya wanaoanza, na ina megapikseli 12.2. Picha yake ina pikseli 4272 kwa 2848. Gawa kwa 300: inchi 14 kwa 9 na nusu. A4 inaingia humo na nafasi inabaki. Nikon D3100 ya mwaka 2010, yenye 14.2, vivyo hivyo. Kamera za umri huo siku hizi zinauzwa kwa mkono wa pili kwa bei ambayo simu nyingi mpya zinaipita, na kwa karatasi za nyumbani hazijapitwa na wakati hata kidogo.

Mbona basi picha zinatoka na chenga?

Kwa sababu megapikseli zinahesabu vipande vya picha. Hazisemi kila kipande kimepata mwanga kiasi gani. Hilo linaamuliwa na ukubwa wa kihisi, kile kibamba kilichokaa nyuma ya lenzi mahali ilipokuwa filamu zamani. Kamera nyingi ndogo za mfukoni zina kihisi cha milimita 6.2 kwa 4.6 hivi. Kihisi cha kamera kama 1100D ni milimita 22 kwa karibu 15. Ukilinganisha eneo, cha pili kinakishinda cha kwanza zaidi ya mara 11. Mchana kwenye jua tofauti hiyo unaweza usiione, kwa sababu mwanga ni wa kumwaga. Ingia ukumbini saa mbili usiku, au sebuleni penye taa moja, ndipo kihisi kidogo kinapoanza kubahatisha: kivulini panajaa chenga, nywele zinakuwa kama rangi iliyopakwa kwa brashi, ngozi inapata madoadoa ya zambarau. Kwenye kioo cha simu huyaoni. Kwenye A4 yanakukodolea macho.

Ndiyo maana inabidi kuzitilia shaka zile kamera ndogo zinazong'aa, zisizo na jina linalofahamika, zilizoandikwa usoni "4K 48MP" na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Kihisi chake ni kidogo na pikseli zake halisi ni chache kuliko zilizotangazwa; programu iliyo ndani inaikuza picha mpaka ifikie namba iliyoandikwa kwenye boksi. Kukuza hakuongezi kope wala nyuzi za kitambaa ambazo hazikupigwa tangu mwanzo. Alama ya kuzitambua ni rahisi: maelezo yake yamejaa megapikseli na hakuna mahali yanapotaja ukubwa wa kihisi.

Na simu je? Simu nzuri ya miaka ya karibuni inastahili heshima. Zile megapikseli 50 zake kwa kawaida zinaunganishwa nne nne, kwa hiyo picha unayoipata ni ya 12 na kitu, na kama tulivyoona hizo zinatosha A4. Kama picha zako ni za mchana, za nje, za watu waliosimama wakatulia, basi mimi ningekushauri usinunue kamera kabisa. Nunua printa na karatasi nzuri. Kamera inaanza kudai nafasi yake pale mwanga unapokuwa mdogo, watoto wanapokuwa hawatulii, au unapotaka kumpiga mtu kwa mbali bila kumkuza kwa vidole. Kukuza kwa vidole mara nyingi ni kuikata picha na kutupa pikseli ambazo ungezihitaji kwenye karatasi.

Kuna jambo moja linaloharibu picha za simu na za kamera kwa pamoja, nalo ni WhatsApp. Picha ikipita humo kwa njia ya kawaida inapunguzwa hadi upande wake mrefu uwe na pikseli kama 1600, na kubanwa juu yake. Kwa 4R itapita kwa taabu. Kwa A4 usijaribu. Tangu mwaka 2023 kuna chaguo la kutuma kwa HD, ambalo ni afadhali, na njia ya salama zaidi ni kuituma kama hati ili faili lisiguswe. Kama kamera ipo nyumbani, chomoa kadi uichomeke kwenye kompyuta, picha isipite popote.

Fedha iende kwenye lenzi

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie zaidi, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopunjika. Kamera za kuanzia huuzwa na lenzi ya 18-55, yaani inavutika kutoka milimita 18 hadi 55. Ni lenzi ya kufaa, ila tundu lake la kuingizia mwanga ni dogo: ukiivuta hadi 55, tundu haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikipungua, tundu linakuwa kubwa). Lenzi ya 50mm f/1.8, ambayo Canon na Nikon zote zinayo na ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa, inaingiza mwanga zaidi ya mara tisa ya huo. Maana yake ni kwamba mahali ambapo lenzi ya kwanza ingeilazimisha kamera kupandisha ISO, yaani kuukuza mwanga mdogo ilioupata, hadi 6400 na kuleta chenga, hii inafanya kazi kwenye ISO 640 tu, kwa kasi ile ile ya shata, lile pazia linalofunguka kuupitisha mwanga. Kamera ya zamani yenye lenzi hiyo itaishinda kamera mpya yenye lenzi ya boksi, ukipima kwa picha ya uso wa mtu ndani ya nyumba. Pia inafifisha ukuta wa nyuma, jambo ambalo watu wengi hulipenda kwenye picha za kutundika.

Ina ubaya wake. Kwenye kamera hizi za kihisi cha kati, 50mm inabana kama lenzi ya 75 au 80 kwenye kamera ya filamu. Kwa mtu mmoja au wawili ni tamu; kwa familia ya watu kumi kwenye sebule ya kawaida utarudi nyuma mpaka utoke mlangoni. Hapo rudisha 18-55, fungua mapazia, uwasogeze watu karibu na dirisha.

Wa Nikon kuna mtego. Miili (kamera zenyewe bila lenzi) ya bei nafuu, tangu D40 ya mwaka 2006 hadi D3500 ya mwaka 2018, haina mota ya kusogeza lenzi. Lenzi za zamani zilizoandikwa AF pekee zinaingia vizuri, zinapiga picha, lakini kulenga ni kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S, yenye mota yake ndani. Nikon pia ina 35mm f/1.8 ya AF-S DX, ya mwaka 2009, ambayo kwa chumba cha kawaida naiona inafaa kuliko 50. Kwa Canon hakuna wasiwasi huo, lenzi yoyote iliyoandikwa EF inajilenga yenyewe kwenye miili yote ya EOS yenye kioo cha kuakisi ndani (DSLR). Chagua tu 50mm f/1.8 STM iliyotoka 2015, maana ile iliyotangulia ina shingo ya plastiki na inalalamika kwa sauti kila inapolenga.

Kununua iliyotumika bila kulia

Majina yanachanganya, tuanze na hayo. Canon huipa kamera moja majina matatu kufuatana na soko. Iliyouzwa Ulaya na kwetu kama 600D, Marekani inaitwa Rebel T3i, Japani inaitwa Kiss X5. Vivyo hivyo 1100D ni Rebel T3, 1300D ni Rebel T6, 2000D ni Rebel T7. Mzigo mwingi wa mtumba unatoka huko, kwa hiyo ukiambiwa "hii ni Rebel, ni kali kuliko 600D", uliza namba. Sony nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani menyu yake ni ya Kijapani tu na haibadiliki, hivyo iwashe ufungue menyu kabla ya kutoa hela.

Nenda na kadi yako ya kumbukumbu, na ukiweza nenda na laptopu. Piga picha ya ukuta mweupe au ya anga ukiwa umefunga tundu hadi f/16. Madoa ya kijivu yanayokaa pale pale kwenye kila picha ni vumbi juu ya kihisi. Vumbi husafishwa na fundi, kwa hiyo litumie kupunguza bei. Kisha ishike lenzi, uielekeze kwenye mwanga na uchungulie ndani. Ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Iache, hata kama bei inavutia. Piga picha ya maandishi madogo, uikuze kwenye laptopu, uone kama herufi ulizolenga ndizo zilizotoka kali. Betri iliyovimba irudishe. Kuhusu chaja na betri, uzuri ni kwamba hizi kamera zinarithiana: LP-E10 inaingia 1100D, 1200D, 1300D, 2000D na 4000D, na jamii ya EN-EL14 inaingia D3100 mpaka D3500.

Shata ina umri. Nikon za mfululizo wa D3200 na D3300 zilipimwa kwa mapigo 100,000. Idadi ya mapigo Nikon huiandika ndani ya kila faili la picha, na zipo programu za bure za kuisoma. Canon nyingi za bei nafuu haziiandiki, kwa hiyo muuzaji wa Canon akikutajia namba muombe akuonyeshe ameipata wapi. Kwa mtu wa picha za familia, kamera yenye mapigo 30,000 bado ina miaka mingi. Iliyokuwa kwa mpiga harusi ni habari nyingine, na mara nyingi utaijua kwa mpira wa mshiko uliolegea na herufi za vitufe zilizofutika.

Kanzu nyeupe, uso mweusi

Kamera haijui inatazama nini. Inapima mwanga wote uliomo kwenye fremu na kujaribu kuufanya uwe wa wastani, karibu na kijivu. Ukimpiga bwana harusi mwenye kanzu nyeupe mbele ya ukuta mweupe, kamera inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Kanzu inatoka ya kijivu na uso unazama gizani. Kinyume chake hutokea kwa mtu aliyevaa buibui jeusi: kamera inaongeza mwanga na uso unaungua. Kwa ngozi zetu kosa la kwanza ndilo linalouma, kwa sababu karatasi haitoi mwanga kama kioo cha simu. Uso uliokuwa "unaonekana kidogo" kwenye kioo, kwenye karatasi unakuwa mkaa.

Dawa ni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Toka kwenye ile Auto ya kijani, nenda P au A (kwa Canon ni Av), na kwa nguo nyeupe ongeza mwanga kati ya theluthi mbili ya hatua na hatua moja nzima. Kwa nguo nyeusi punguza kiasi hicho hicho. Usinunue kamera ambayo haina kitufe hiki wala njia ya kukifikia kwenye menyu. Kwa kazi ya kuchapa naona ni muhimu kuliko video ya 4K, Wi-Fi, na mengine yote yaliyoandikwa kwenye boksi.

Halafu kuna vichwa vinavyokatwa. Karatasi ya 4R ina umbo la 3 kwa 2. Kamera za Canon na Nikon tulizozitaja nazo zinapiga 3 kwa 2, kwa hiyo picha nzima inakaa. Simu na kamera nyingi za mfukoni zinapiga 4 kwa 3. Ukiiambia printa ijaze karatasi bila mpaka, inakata kama asilimia 11 ya picha ya simu, na kwa picha za kulala, kinachokatwa ni juu na chini: kilemba cha mama na miguu ya watoto. A4 nayo ina umbo lake, haifanani na yoyote kati ya hizo mbili. Unapopiga picha unayojua utaichapa, acha nafasi pembeni.

Printa, na karatasi yenyewe

Ukimaliza hela zote kwenye kamera umejifungia njia, maana printa ndiyo inayokula kila mwezi. Printa za matangi za rangi nne, kama Epson L3110 au L3250 zilizojaa kwenye maduka ya stationari, zinatoa picha za kupendeza kuliko wengi wanavyodhani, ila sharti uiambie printa kwamba umeweka karatasi ya picha. Wengi wanaacha "karatasi ya kawaida" kwenye mipangilio, wino unatoka kidogo au unazidi, rangi zinapauka, kisha kamera inalaumiwa. Printa za rangi sita kama L805, L1800 ya A3 au L8050 zinaongeza bluu nyepesi na waridi nyepesi, na faida yake huonekana hasa kwenye ngozi na anga, mahali ambapo rangi inabadilika polepole. Kama unachapa albamu ya familia mara moja kwa mwezi, sioni haja ya sita.

Wanaochapa mara chache sana wana adui mwingine: wino unakauka kwenye kichwa cha printa na matundu yanaziba. Chapa walau ukurasa mmoja wa rangi kila wiki. Kama huwezi, angalia printa ndogo za Canon SELPHY, CP1300 au CP1500. Hizo hazina wino wa maji. Karatasi inaingia na kutoka mara nne mbele ya macho yako, njano, waridi, bluu, na mara ya mwisho tabaka la kuikinga. Karatasi na utepe wa rangi huuzwa pamoja, kwa mfano pakiti ya karatasi 108, hivyo unajua kila picha imekugharimu kiasi gani. Haitoi kubwa kuliko saizi ya kadi ya posta.

Karatasi nunua ya gramu 200 kwenda juu kwa albamu, na kama bei inaruhusu chukua ile yenye tabaka la plastiki chini ya mng'ao, inayoandikwa RC. Haijikunji na inavumilia unyevu. Kamwe usiiweke karatasi ya picha ya wino kwenye printa ya leza. Leza hufanya kazi kwa joto, lile tabaka linaweza kuyeyuka ndani na fundi atakudai bei ya printa nyingine. Kwenye kamera acha mpangilio wa rangi kwenye sRGB. Mpangilio wa pili, Adobe RGB, una wenyewe, na kwa printa ya nyumbani isiyopimwa italeta rangi zilizopooza.

Picha ya wino usiitundike inapopigwa na jua la alasiri, na iweke nyuma ya kioo baada ya kukauka siku nzima. Ukiifunika ikiwa mbichi inanata kwenye kioo na haibanduki.

Kwa walioko Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar, unyevu utaishambulia lenzi kabla haujaishambulia picha. Usiihifadhi kamera kwenye kile kibegi chake cha ngozi kabatini. Ngozi na kitambaa hushika maji na kuvu huanzia humo. Weka kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vijipakiti vya silika jeli vya kutosha, na kila baada ya wiki chache uvianike juani au uvipashe moto kidogo, kwa sababu vikishashiba maji havifanyi kazi tena.